Hesabu ya Birika

Umeme hauonekani kwa macho. Hujulikana kwa athari zake. Mtu huona taa imewaka, husikia maji yakitokota, na pengine hunusa waya unaoungua. Atakaye kuujua zaidi hana budi kupima, naye akipima mambo mawili huwa amepata manne.

Mawili hayo ni volti, kipimo cha msukumo, na ampea, kipimo cha mkondo. Mwaka 1827, Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alieleza uhusiano wao. Volti zikigawanywa kwa ampea hutoa ukinzani, yaani kadiri waya uzuiavyo mkondo. Kipimo chake huitwa ohmu kwa heshima yake. Volti zikizidishwa kwa ampea hutoa wati, yaani kadiri ya kazi ifanywayo kila sekunde. Kugawanya na kuzidisha ni hesabu ya mtoto wa shule, lakini faida yake ni ya mtu mzima.

Ichukuliwe nyumba ya wapangaji huko Chang'ombe, Dodoma. Birika limeunganishwa na umeme wa volti 230, nalo lavuta ampea 10. Ukinzani wake ni ohmu 23, na kazi yake ni wati 2,300. Jioni, wapangaji wote wapikapo na kupiga pasi, msukumo ufikao chumbani washuka hadi volti 184. Ukinzani wa birika haukubadilika; basi mkondo ni ampea 8, na kazi ni wati 1,472. Volti zimepungua sehemu moja katika tano, lakini joto limepungua kupita theluthi. Mwenye birika hulilaumu kwa uvivu akanunua jingine; kumbe la kwanza halikuwa na hatia.

Volti 46 zimekwenda wapi? Ikiwa mitaani hazikupungua, zimeliwa na waya mwembamba na viungo vilivyolegea ndani ya nyumba. Hapo hesabu huacha kuwa ya daftari. Kiungo chenye ukinzani wa ohmu 1, kikipitiwa na ampea 10, hula volti 10 tu, hasara isiyotambulikana upesi. Lakini volti 10 mara ampea 10 ni wati 100, nazo zimekusanyika mahali pasipozidi ukubwa wa harage, pengine juu ya dari, karibu na mbao kavu, watoto wamelala chini yake. Ampea zikiwa 20, joto haliwi maradufu, bali mara nne.

Kanuni hiyo hiyo huheshimiwa Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ambako mitambo ya megawati 80 ilianza kuzalisha umeme wa maji ya Ruaha Mkuu mwaka 1988. Njia kuu ipitayo huko hubeba umeme kwa volti 220,000. Msukumo ukiwa mkubwa, mkondo mdogo hutosha kwa kazi ile ile, na mkondo mdogo hupoteza kidogo njiani. Mhandisi huuogopa mkondo mkubwa katika waya mrefu. Mwenye nyumba aungaye waya mwembamba hadi chumba cha sita hauogopi, kwa sababu hakuhesabu.

Fundi stadi aweza kuhesabu kwa niaba yake. Apime volti kwenye mita na chumbani, vyombo vikiwa vinafanya kazi. Tofauti ikiwa volti 46 na mkondo ampea 20, njia ina ohmu 2.3, na wati 920 zinaungua ndani ya kuta. Jawabu hilo hulipatia kalamu kwa dakika moja. Asiyelitafuta kwa kalamu huenda akalipata kwa moto.