Maharusi Jikoni: Somo Kutoka Piya Ka Ghar



Ndugu zetu katika imani, sinema nyingi za Kihindi huishia harusini. Piya Ka Ghar ya mwaka 1972, iliyoongozwa na Basu Chatterjee, inaanzia hapo. Haina ngumi wala majambazi. Familia yake ni ya Kihindu na nyimbo zimo, kwa hiyo hatuisifu yote. Lakini tatizo lake tunalijua majumbani mwetu.

Malti (Jaya Bhaduri) amekulia kijijini, kwenye nyumba kubwa. Anaolewa na Ram (Anil Dhawan) huko Bombay, ambayo leo inaitwa Mumbai, na kukuta jamaa wote wamebanana katika vyumba vichache. Maharusi wanalala jikoni. Kila wakitaka kusemezana, kuna anayepita. Wakwe ni wema, mume anampenda, ila faragha hakuna.

Mara nyingi tukiletewa ugomvi wa vijana waliooana karibuni, tunaambiwa mke hana subira. Tukiuliza analala wapi, na nani huingia bila hodi, wote wananyamaza.

Suratun-Nur, aya ya 58, inataka hata watumishi na watoto wa nyumbani waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, mchana watu wanapopumzika, na baada ya Isha. Suratut-Talaq, aya ya 6, inaamrisha mke aliyeachwa, akiwa edani, apewe makazi kwa kadiri ya uwezo wa mume. Basi aliye ndani ya ndoa ana haki zaidi! Ndiyo maana wanachuoni wengi wa fiqhi wamesema mke halazimishwi kukaa pamoja na wakwe bila ridhaa yake. Akiridhika, chumba kimoja chenye komeo ni sitara.

Mwisho wa sinema, mzee wa kwao Malti anakuja kumchukua. Hapo wakwe wanaanza, mmoja mmoja, kujitolea kuhama ili maharusi wapate nafasi. Malti anaona mapenzi hayo na kubaki. Nyumba haikuongezeka hata chumba. Wakubwa wameiona dhiki yake na kuisema.

Wazee wetu, tusingoje binti wa watu aje kuchukuliwa. Nanyi vijana, kabla ya kuposa, ulizaneni mtakaa wapi.

Mwenyezi Mungu (s.w.t.) azitie sitara na mapenzi nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.