Kutoka Katuruka hadi Kamachumu: Tulinde Tulichoachiwa

Wageni wengi wanaokuja mkoa wa Kagera hufika mjini Bukoba, wakalala siku mbili, wakala ndizi na samaki, wakanunua kahawa na senene wa kukaanga, kisha wakaondoka. Wakirudi kwao husema, "Bukoba ni kuzuri, ni kijani tupu." Wanasema kweli, maana mvua yetu ni nyingi na migomba haina msimu wa kupumzika. Lakini nyuma ya kijani hicho kuna mambo mengi ambayo mgeni hayaoni, na hata sisi wenyeji tumeyazoea mno hata hatuyaoni tena. Leo napenda tusafiri pamoja, kutoka Bukoba mjini hadi Muleba, mwendo wa kilomita zipatazo 70, nikuonyeshe mambo machache tuliyoachiwa na wazee, na kazi ya kujitolea inayofanywa ili yasipotee.

Mimi ni muuguzi. Siku zangu za mapumziko, nikimaliza kufua na kulima kidogo, huungana na akina mama wenzangu wa kanisa. Zamani kazi yetu ilikuwa kutembelea wagonjwa na wajane tu. Siku hizi tumeongeza na hii ya kulinda urithi wetu, nami nitakueleza kwa nini.

Mji wa kando ya ziwa

Bukoba ni mji mdogo uliokaa kati ya vilima na Ziwa Victoria. Ukisimama ufukweni unakiona kisiwa cha Musira mbele yako, na mto Kanoni ukikatiza mji kwenda ziwani. Kituo cha Wajerumani kilianzishwa hapa mwaka 1890 na Emin Pasha. Jina lake limebaki hata porini, kwa maana mti tunaouita musizi, wenye mbao nzuri na kivuli kinachofaa kahawa, wataalamu wameuita Maesopsis eminii kwa ajili yake.

Majengo ya zamani bado yapo mjini, ingawa yamepungua. Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi liliua watu zaidi ya 15 katika mkoa wetu na kubomoa nyumba nyingi sana. Shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka vibaya, ikabidi zijengwe upya. Sisi wauguzi tulikuwa na kazi ya majeruhi. Lakini baada ya majeraha kupona, wengi tulianza kutazama kuta zilizopasuka na kutambua jambo jipya: yale tuliyodhani yatakuwepo siku zote yanaweza kuondoka kwa dakika moja.

Katuruka, mahali pa wafua chuma

Ukitoka mjini kuelekea kusini unapita katika vijiji vyenye vibanja vya migomba iliyopandwa pamoja na kahawa, maharage na miti ya kivuli. Katuruka ni kijiji kama vingine ukikitazama kwa macho tu. Hapa ndipo palipokuwa na makao ya Mukama Rugomora Mahe, na hapo palikuwa na mti mkubwa wa heshima ulioitwa Kaiija, jina linalohusu mahali pa kufulia chuma.

Wazee walikuwa wakisimulia kwamba wahunzi wa mfalme huyo walijenga mnara wa chuma ili kufika mbinguni, nao ukaanguka. Ukiisikia hadithi hiyo, wewe msomaji wa Biblia, utakumbuka mara moja habari za Babeli. Mwaka 1970 mtafiti kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee hao kwa makini, kisha akachimba pale walipomwonyesha. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana. Yeye na wenzake walichimba pia sehemu za Kemondo, wakakuta mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma zilizofanya kazi miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita. Baadaye wazee waliokuwa wameifanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuru tena mbele ya watafiti, wakavukuta, wakatoa chuma. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, na ulimwengu ukafahamu kwamba Wahaya walikuwa mafundi hodari wa chuma karne nyingi kabla ya mgeni yeyote kutoka Ulaya kutia mguu hapa.

Fikiri, msomaji. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu wazee walikumbuka, na mtu akakubali kuwasikiliza. Kama wazee wangekuwa wamesahau, udongo ungebaki na siri yake.

Nani atasimulia?

Hapa ndipo uchungu unapoanza. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", kwa jina la mashati ya fasheni yaliyokuwa yakiuzwa wakati ule. Mwaka 1987 uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa mjini Bukoba, 24 walikuwa na virusi. Kwa neema ya Mungu, na kwa elimu iliyotolewa bila kuchoka, kufikia mwaka 1996 idadi hiyo ilishuka hadi 13 hivi kati ya 100. Leo dawa zipo, na mwenye virusi akizitumia vizuri anaishi, anazaa na kulea.

Lakini waliokwenda walikwenda. Mimi nilikuwa mtoto, na ninakumbuka makaburi yakiongezeka katika vibanja, maana sisi huzikana nyumbani. Waliokufa walikuwa baba na mama zetu, watu wa makamo, ambao ndio waliopaswa kupokea habari kutoka kwa wazee na kutukabidhi sisi. Kamba ilikatika katikati. Bibi alibaki na wajukuu, naye kwa kuhangaikia chakula na karo hakupata nafasi ya kukaa jioni na kusimulia. Wengi wetu tulilelewa hivyo. Tulipewa uhai, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Ila tulikua bila habari za kwetu.

Watu wa Katuruka waliliona pengo hilo. Mti wa Kaiija haukuwepo tena, na wasimulizi wengi walikuwa wamelala kaburini. Kuanzia mwaka 2008 wazee wa kijiji walijikusanya, wakamshirikisha tena yule mtafiti wa zamani, wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kukusanya masimulizi kwa wale wachache waliobaki, na kurudishia heshima mahali pale ili watoto na wageni wapaone. Haikuwa amri ya serikali wala mradi ulioletwa kutoka nje. Ni wanakijiji wenyewe walioamua.

Je, inatupasa sisi Wakristo?

Tulipozungumza habari hii katika kundi letu la akina mama, palizuka ubishi. Huku kwetu Uamsho ulishika mizizi, na watu waliookoka waliacha kabisa mambo ya mizimu. Dada mmoja, ambaye ni mwenzangu katika sala, alisimama akasema waziwazi:

"Jamani, tumeokoka. Leo tukachukue majembe tufyekee miungu ya zamani? Kesho tutaambiwa tuchinje na mbuzi."

Kimya kilipita. Ndipo mama mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, akajibu taratibu:

"Mwanangu, umesema vizuri, na usiache kuogopa dhambi. Lakini hebu nikuulize. Waisraeli walipovuka Yordani, kwa nini waliambiwa wasimamishe mawe kumi na mawili?"

"Ili watoto wakiuliza wajibiwe, mae."

"Haya. Na mtoto wako akiuliza babu yake alikuwa nani, utamjibu nini? Kwamba alikuwa mpagani, basi, yamekwisha? Huyo babu alijua kuyeyusha chuma. Akili ile alipewa na nani?"

Yule dada hakukubali yote. Alisema yeye hatakwenda mahali popote penye matambiko, ila yuko tayari kukaa na bibi vizee na kuandika wanayoyakumbuka. Tukakubaliana hivyo, na hakuna aliyemlazimisha. Mpaka leo ndiye mwenye daftari nono kuliko sisi wote, maana mwandiko wake ni mzuri na ana subira.

Nami nikamkumbuka marehemu Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, kuanzia 1977 hadi 1984. Mtu yule wa Mungu aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1974, kuhusu Kanisa na ukoo wa Kihaya. Hakuona aibu kuzichunguza mila zetu. Alijua kwamba kulijua jambo si kuliabudu.

Tunapanda Kamachumu

Turudi barabarani. Ukipita Kemondo penye bandari, unafika Muhutwe, ambapo umeingia wilaya ya Muleba. Barabara moja inapanda kwenda Kamachumu. Huko juu hewa ni baridi, soko lina watu wengi, na hospitali ya Ndolage imehudumia vizazi vingi. Hakuna tanuru za kale za kukuonyesha huku, bali kuna urithi mwingine ulio hai, nao ni kibanja chenyewe.

Kibanja si shamba tu. Ni udongo uliotengenezwa na wazee kwa vizazi, kwa samadi na majani, hata ukawa tofauti kabisa na ule wa rweya, yaani mbuga za nyasi zilizo nje ya kijiji. Huo ndio urithi uliopata adui mwaka 2006, ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipogunduliwa Muleba baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Jani linanyauka kana kwamba limemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Dawa yake haipo.

Nilipoelezwa na bwana shamba jinsi unavyoenea, nilishtuka, maana ni kama somo letu la wodini. Vimelea husafiri kwa panga na kwa wadudu. Mtu anakata mgomba mgonjwa, na kwa panga lilelile anakwenda kwa mzima, halafu anamwazima jirani. Ni sawa na muuguzi atumie sindano moja kwa wagonjwa kumi!

Basi baada ya ibada, wachungaji wakituruhusu, sisi wauguzi hupewa dakika chache za kufundisha, nami husema hivi:

Panga lisitoke mgomba mmoja kwenda mwingine kabla ya kupitishwa kwenye moto au kuoshwa kwa jiki. Ua dume liondolewe mara baada ya chane ya mwisho kutoka, tena kwa kijiti chenye panda, siyo kwa kisu, kwa sababu wadudu hubeba ugonjwa kutoka hapo. Mgomba ulioonyesha dalili ukatwe mapema, chini kabisa, na mabaki yasihamishiwe shamba jingine. Miche isichukuliwe kwenye kibanja chenye ugonjwa, hata kama mwenyewe ni shangazi yako.

Siku moja mama mmoja mjane aliniambia, "Muuguzi, mgomba huu aliupanda mume wangu. Nikiukata, nimebaki na nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Tulikaa naye, tukasali, kisha tukaukata pamoja, sisi watano, na kumsaidia kusafisha mapanga. Migomba ya jirani yake ilibaki mizima. Kuna wakati kulinda ni kukubali kupoteza kimoja ili vingine viokoke, na jambo kama hilo mtu asiachiwe alifanye peke yake.

Wewe unaweza kufanya nini?

Pengine unasoma haya ukiwa Dodoma, Mbeya au Mombasa, unasema mambo haya ni ya Wahaya. Hapana, dada. Kila mahali pana Katuruka yake na kibanja chake. Nikuachie mambo manne tu.

Kwanza, nunua daftari. Mtafute mzee mmoja katika ukoo, umwulize habari za zamani, uandike jina lake na tarehe. Usingoje likizo ya mwaka ujao, kwani wazee hawangoji.

Pili, tazama chemchemi mnayochota maji. Kama kuna mikaratusi karibu, zungumzeni na kamati ya kijiji waiondoe na kupanda miti ya asili, maana mikaratusi hunywa maji mengi.

Tatu, mnapokutana katika umoja wenu wa akina mama, tengeni siku moja kila mwezi kwa kazi ya mikono ya mahali penu: kuzoa taka mtoni, kufyeka njia, kumsaidia mjane shambani. Nendeni na watoto, wajifunze kwa macho.

Nne, mkitofautiana kama tulivyotofautiana sisi, msitukanane. Mpeni kila mmoja sehemu ambayo dhamiri yake inamruhusu kuifanya. Kazi ni nyingi, na huyu mwenye mashaka huenda ndiye atakayeandika vizuri kuliko wote.

Ukija Kagera, karibu sana. Ukishamaliza kula senene, tenga siku moja ufike Katuruka, halafu upande Kamachumu. Njoo na viatu vya matope, na kama unaweza, njoo na jembe.