Nyumba ya Sultani Yenye Jina la Mtumwa

Ndugu msomaji, ukija Dar es Salaam kumwangalia mwanao, hapana shaka atakupeleka kuona maghorofa ya vioo. Yatazame, si vibaya. Kisha mwambie akufikishe kwenye nyumba moja karibu na bandari, iitwayo Nyumba ya Atiman. Mimi nakaa Temeke, na niendapo mjini hupenda kuipitia, maana ina mafundisho.

Nyumba hiyo ilijengwa na Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860, alipokuwa akianzisha mji huu karibu na kijiji cha Mzizima. Yasemekana aliijenga kwa ajili ya wakeze. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo ni nene, za kuzuia joto. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo. Dari yashikwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haziwi ndefu, vyumba vya nyumba za namna hii huwa vyembamba. Ghorofa ya juu iliongezwa baadaye.

Lakini, je, jasho lilikuwa la nani? Sultani alipanda minazi kandokando ya mji, na waliolima ni watumwa. Majid alikufa mwaka 1870. Jina lake limeandikwa vitabuni. Majina ya wale waliolima hayakuandikwa.

Sasa sikiliza maajabu ya Mungu. Mwaka 1922 Mapadre Weupe waliinunua nyumba ile. Mwaka huohuo sheria ilikomesha utumwa katika Tanganyika. Baadaye nyumba ikapewa jina la Adrian Atiman. Huyu alizaliwa Afrika ya Magharibi, akaibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na wamisionari wakamkomboa huko Algeria. Kadinali Lavigerie alimpeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956. Hivyo nyumba ya mwenye watumwa yaitwa kwa jina la mtumwa aliyekombolewa.

Wako wasemao majengo kama haya yabomolewe, ati yatukumbusha aibu. Mimi nasema yaachwe. Ukuta ukibomoka, mtoto atauliza nini? Naye asipouliza, ataambiwa na nani?

Tena tusiwahukumu wa kale tu. Nyumba nzuri huku mjini ni nyingi, na ndani yake wamo mabinti waliotoka vijijini, wanaofua, wanaopika na kulea. Wewe mzazi unayemtoa binti yako kwenda kufanya kazi, uliza kwanza: atalipwa kiasi gani, atalala wapi, Jumapili ataruhusiwa kwenda Misa? Na wewe uliyempokea, mpe ujira wake mwezi unapokwisha. Nyumba haipimwi kwa kuta zake tu. Hupimwa pia kwa jinsi anavyotendewa yule anayeifagia.