JANET AU JANETH? HERUFI MOJA ILIVYONILIZA

Leo sina ubuyu wa mtu, naongea ya kwangu.

Naitwa Janeth. Hapa Mombo, nenda pale mabasi ya Arusha yanaposimama watu wale, ita "Janeth!" uone. Tunageuka watatu: anayeuza mapeasi ya Lushoto, mama ntilie na mimi. Bibi yangu hana habari na T wala TH, kwake mimi ni Janeti tu, basi.

Mwaka juzi nikapata kazi Tanga. Cheti cha kuzaliwa Janeth, cheti cha form four Janet. Nikaambiwa, "Hawa ni watu wawili." Jamani, H moja tu! Nikahangaika na wakili, nikala kiapo, narudi baada ya wiki nakuta nafasi kapewa mwingine. Nililia njia nzima mpaka Mombo.

Ndo nikaanza kulichimba hili jina. Kumbe Janet limezaliwa na Jane, na ukilifuata nyuma unapita Kifaransa na Kilatini mpaka Kiebrania, ukoo mmoja na Yohana: Mungu ana neema. Uskoti wamelipenda karne na karne. Hata Jessie kule ni kifupi cha Janet, na kwa Kigaeli wanaandika Seònaid. Yaani wenyewe hawana tahajia moja! Hii H yetu, mi naona tumeizoea kwa kina Elizabeth, Judith na Edith, tukaipachika na huku.

Na limefika mbali bana. Rais wetu alipokuwa Magufuli, 2015 mpaka 2021, mkewe ni Mama Janeth, na Uganda mke wa rais ni Mama Janet Museveni. Mmoja ana H, mwingine hana, wote Ikulu! Kenya wana Janet Jepkosgei, dhahabu ya dunia mita 800, Osaka 2007.

Sasa mwezi uliopita dada kajifungua, akataka mtoto awe wajina wangu. Akasema, "Ila tuitoe H, isije ikamtesa." Nikakataa. H haina kosa, kosa ni kuandika hivi huku na vile kule. Nikaenda nae kuandikisha, nikamtajia karani herufi moja moja, na sikuondoka mpaka nimesoma karatasi mara mbili.

Na wewe, vyeti vyako vyote vinasoma jina moja? Kavitoe kabatini leo leo, usingoje kazi ije ndo ujue.