Mtoto wa jicho hana ubavu Madurai

Kama unadhani joto la Dar ndilo mwisho, msomaji wangu, nenda Madurai, kusini mwa India. Mimi mwanafunzi wa udaktari nimekaa huko wiki nne, nikijifunza macho katika hospitali ya Aravind.

Aliyeianzisha mwaka 1976 ni Dk. Govindappa Venkataswamy, mzee aliyekwisha staafu, akiwa na vitanda 11 tu. Vidole vyake vilipindwa na baridi yabisi, lakini kisu alikishika hivyo hivyo! Mwenye nacho analipa, asiye nacho anatibiwa bure kwa pesa ya yule.

Chumba cha upasuaji ndo usiseme. Vitanda viwili sambamba. Daktari akimaliza huku anageukia kule, mgonjwa yuko tayari. Sisi wageni kazi yetu kutazama, mikono nyuma. Lenzi za kupandikiza wanatengeneza wenyewe tangu 1992, ndiyo maana bei iko chini.

Chakula? Asubuhi ni idli, kama kitumbua kisicho na sukari wala mafuta, kwa mchuzi wa dengu. Utazoea tu.

Sasa kuna bibi mmoja alifunguliwa bandeji, akamtazama mjukuu wake, akamshika kidevu, akaanza kumgombeza kwa Kitamil. Muuguzi akanitafsiria: "Anasema, mbona umekonda hivi?"

Bibi yangu kule Songea naye haoni, majirani wanasema uzee. Uzee gani na mboni ile nyeupe? Jioni hiyo nikapiga simu nyumbani: wamlete mjini, na dawa ya miti asitiwe hata tone.