Pweza wa Sahani ya Tatu

Wiki nzima kabla ya siku hiyo nilikuwa nafanya mazoezi ya uma. Usicheke, msomaji. Pale kazini kwetu, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Kariakoo, kila ilipofika saa saba wenzangu walitumbukiza mikono katika wali maharage wa mama ntilie, mie nimejitenga pembeni, uma kushoto, kisu kulia, nakata hewa. Nilikuwa nimesoma kwamba katika hoteli za aina ile vyombo hupangwa safu, na mlaji huanza na vya nje akiingia ndani, sahani kwa sahani. Washikaji wakanipa jina: Balozi.

Hoteli yenyewe iko juu ya paa la nyumba kongwe, Mji Mkongwe, Unguja. Jina lake halina kazi hapa. Pale huagizi chakula. Unalipa, unakaa, unaletewa sahani saba, moja baada ya moja, kila moja ina matonge mawili matatu ya kuonja. Kwa watu wawili, shilingi 280,000. Nilizikusanya miezi mitano kwa kazi za usiku, nikichapa kadi za harusi za watu wengine.

Siku hiyo tulikuwa tunatimiza miaka mitatu tangu kujuana, mimi na mwenzangu. Nami nilikuwa na swali: je, niwatume wazee wangu kwao Upanga na barua ya posa? Swali lilikuwa fupi, ila nyuma yake palikuwa na jambo. Wazee wangu ni akina nani? Nilikuwa nimemwambia baba alifariki, na hiyo ni kweli. Nikamwambia mama yuko Jambiani, ana biashara ya samaki. Neno biashara ni pana, bwana wee. Akalitandaza mwenyewe kichwani mwake: mafriza, duka, vijana wa kubeba. Siku moja akasema, "Mama yako mwenye duka," nami nikanyamaza. Tangu hapo kila alipomtaja mama, nilibadilisha mazungumzo.

Yeye alifikia kwa shangazi yake, Mlandege. Mimi nililala kwa rafiki yangu Michenzani. Jioni nikamfuata, tukakatiza vichochoro mpaka kwenye mlango wenye misumari ya shaba, tukapanda ngazi za mbao zinazolia kila ukikanyaga, tukatokea juu angani. Upande mmoja jua lilikuwa linaingia baharini. Upande wa pili, juu ya mabati yenye kutu, mwezi ulikuwa unatoka, mpevu kabisa, mwekundu kama sinia la shaba. Adhana ya magharibi ikaanzia msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili, na wa tatu, mpaka mji mzima ukawa unaitana.

Mhudumu, kijana wa rika letu, alituanza kwa Kiingereza. Tulipomjibu Kiswahili akacheka, mabega yakamshuka. Akatuletea maji ya ukwaju.

Sahani ya kwanza ilikuwa kijiko. Nasema kijiko, na ndani yake supu ya boga yenye tangawizi, kiasi cha kumnywesha mtoto dawa. Ya pili ilikuwa nguru mbichi, kakatwa mwembamba kama karatasi, kalazwa kwenye ndimu na tui. Mwenzangu akafumba macho. "We! Tamu hii."

Nikaona nimepata nafasi ya kujinafasi. Nikamweleza niliyoyasoma: kwamba hata Wafaransa zamani waliweka vyakula vingi mezani kwa pamoja, na utaratibu wa kuleta sahani moja moja waliuchukua kwa Warusi katika karne ya 19. Kisha, miaka ya 1970, wapishi wao wakazidi kupunguza chakula na kuipamba sahani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe zamani walikula sinia kama sisi." Mimi niliyesoma wiki nzima sikuwa nimeliona hilo.

Na kweli, kwetu kuonja si mlo. Kuonja ni kazi ya mpishi. Mama hudondosha mchuzi kiganjani, akaulamba, akaongeza chumvi. Ukijipendekeza sana utadondoshewa nawe tone, kisha ufukuzwe jikoni.

Ikaja sahani ya tatu. Pana kama ungo, nyeupe, na katikati yake vipande viwili vya mnyiri wa pweza wa kuchoma, juu ya embe bichi, pembeni povu. Povu, msomaji! "Huyu wa leo leo," mhudumu akasema. "Katoka Jambiani asubuhi, kwa akina mama wanaochokoa miambani."

Mwenzangu akaniangalia, macho yanang'aa. "Si kwenu huko? Labda kanunuliwa kwa mama!" Akacheka. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo ndilo lililonimaliza.

Uma ukanishinda mkononi. Mwezi ule juu ya mabati ulikuwa wa bamvua. Siku za bamvua maji hutoka Jambiani yakaenda mbali, na mama hutoka nayo, ana ndoo, ana chuma chenye ncha, raba kuukuu miguuni kwa ajili ya miiba ya baharini. Pweza hujificha tunduni, lakini ni mchafu wa mlango: akishamla kaa au kombe, maganda huyatupa nje. Mama huliona ganda kabla hajaliona tundu. Huchokoa, pweza akapanda naye, akamzonga mkono mpaka kwenye kiwiko. Alama za duara hubaki ngozini. Akishamuua humpiga chini, ampige na ampige, mpaka nyama ilegee. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu mapigo, ndivyo nilivyojifunza kupita mia. Kisha mchuuzi anakuja na mizani yake, kilo elfu kumi, siku nzuri kumi na mbili. Bahari isipotoa kitu, mama husokota kamba za makumbi.

"Mama hana duka," nikasema.

"Enhe?"

"Hana duka. Hana friza. Ana ndoo. Huyu pweza pengine kamchokoa yeye, kwa mkono wake."

Akaweka uma chini. Wazungu wa meza ya jirani walikuwa wanapiga picha povu lao.

"Miaka mitatu unanipiga fiksi?"

"Sikukwambia ana duka."

"Ila uliniacha niseme."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa naona makochi ya kwao Upanga, vitambaa vyake vyeupe, na mama yangu kakaa ukingoni, mikono kaificha ndani ya kanga. Nikamweleza hivyo hivyo. Akatikisa kichwa.

"Unajua kinachoniuma? Si mama yako. Ni kwamba ulikaa ukanipima, ukaniona mtu wa kumcheka."

Mhudumu akaja. "Vipi, pweza hamjampenda?"

"Tunampenda," mwenzangu akasema. Akala kipande kimoja, taratibu. "Kalainika," akasema bila kunitazama. "Kapigwa sana."

Sahani tatu zilizofuata zilipita bila neno. Najua mojawapo ilikuwa kamba wa nazi, lakini ukiniuliza ladha yake sikumbuki. Na fedha zote zile! Ya saba ilikuwa aisikrimu ya hiliki, ikayeyuka tukiitazama. Mwezi ulishapanda, umekuwa mweupe. Barua ya posa niliiacha palepale kichwani, sikuitaja.

Tulipokuwa tunasubiri chenji akaniuliza, "Kesho maji yanatoka saa ngapi kule?"

Hilo sikuhitaji kulisomea. "Saa nne asubuhi yatakuwa mbali kabisa."

"Na gari?"

"Namba 309. Tukiwahi, tutayakuta."

"Shangazi nitamwambia naenda wapi?"

Nilitaka kusema mwambie ukweli, lakini kwa uso upi?

Akainama, akavitazama viatu vyake vya visigino chini ya meza. "Na hivi sitafika navyo popote."

"Mama ana raba jozi mbili," nikasema.