Hesabu ya Tarakimu 21

Itazameni hesabu hii: 147573952589676412927. Zidisha mbili sitini na saba zenyewe kwa zenyewe, kisha toa moja, utaipata. Mwaka 1644 Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alinena kwamba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha kuwa yagawanyika, lakini vigawanyo vyake havikujulikana. Mwaka 1903, huko New York, Cole alivionyesha: 193707721 mara 761838257287.

Kuvitafuta kulikuwa kazi kubwa mno; kuvihakiki ni kazi ya jioni moja. Mimi nami nilizidisha kwa kalamu, zikatimia tarakimu zote. Basi huwaambia wanafunzi wangu: msiamini hesabu kwa ukubwa wa msemaji. Ajuaye kuzidisha aweza kuipima mwenyewe.